Gari ya Mombasa ikigoma kuwaka kwenye baridi ya bara: maswali ninayoulizwa kila mara

Kila kipupwe kikiingia, na tena Disemba watu wakifunga mizigo kwenda bara, simu yangu huanza kulia alfajiri. Mtu yuko Limuru, mwengine Nyahururu, mwengine Molo, na maneno ni hayo hayo: gari imepanda kutoka Mombasa bila shida yoyote, imelala nje usiku mmoja, asubuhi haiwaki na watoto washaingia ndani na mabegi yao. Mimi ni fundi waya hapa Changamwe, na kwa vile maswali yanajirudia nimeona niyaandike yote na majibu yake. Tafadhali yasome ukiwa bado uko nyumbani manake mengi dawa yake iko huku chini, sio huko juu.

## Ya kuanzia

Gari haijanisumbua hata siku moja Mombasa, mbona imegoma usiku wa kwanza tu bara?

Kwa sababu betri ilikuwa imeshachoka zamani, ila Mombasa hakukuwa na kitu cha kuifichua. Hapa kwetu hata Julai alfajiri joto halishuki sana chini ya nyuzi 20, oili iko laini, stata, ile mota inayozungusha injini iwake, inaomba umeme kidogo na betri iliyochoka inamudu. Ukilala Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, unaweza kuamka na nyuzi 8, na hapo mambo mawili yanakutana kwa pamoja: dawa ndani ya betri inafanya kazi polepole kwa hiyo umeme inaoutoa unapungua, na oili ya injini imekuwa nzito kwa hiyo stata inataka umeme mwingi kuliko ilivyozoea. Betri nzima inabeba yote mawili, iliyochoka haiwezi.

Watu hawaamini nikiwaambia kwamba kinachoua betri ni joto. Hesabu wanayotumia mafundi wa betri ni kwamba kila joto likizidi nyuzi 10 juu ya nyuzi 25, umri wa betri unapungua karibu nusu. Sasa fikiria chini ya boneti mchana wa Machi, umekaa kwenye foleni ya Kibarani na AC inafanya kazi, hilo joto linakausha maji ya betri na kula vyuma vya ndani kidogo kidogo, kila siku, na wewe huoni chochote kwa sababu asubuhi gari inawaka tu. Gari imeumia Mombasa, imekuja kuanguka Nyahururu.

Kwani baridi ya Kenya ni kali hivyo? Ulaya si magari yanawaka kwenye theluji?

Yanawaka, na hiyo Vitz ama Probox yako ilipokuwa Japani huenda ilikuwa inawaka kwenye theluji pia. Kule wanaweka oili nyepesi, betri wanaipima kabla ya majira ya baridi, thamostati, ule mlango unaozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ishike moto, iko mahali pake. Gari ikishuka bandarini Kilindini ikakaa na sisi miaka mitano tunaigeuza polepole iwe gari ya joto tupu, oili nzito, maji ya mfereji kwenye rejeta, thamostati imetolewa, halafu tunaipeleka Kinangop ambako kuna asubuhi unakuta sakitu, umande ulioganda, juu ya majani. Na sio Julai pekee, Januari pia usiku wa mbingu safi nyanda za juu zinapoa vibaya, watu wanaorudi baada ya mwaka mpya wanajua.

Nitajuaje kama shida ni betri ama ni kitu chengine?

Sikiliza. Mimi mtu akinipigia simu la kwanza namwambia weka simu karibu na dashibodi uzungushe ufunguo, mara nyingi sauti peke yake inatosha.

Ukisikia tik-tik-tik-tik ya haraka na taa za dashibodi zinapepesa, hiyo ni betri imeisha ama terminali, pale kebo inaposhika betri, haishiki vizuri. Ikizunguka kwa uvivu, ruuu… ruuu… ruuu kama mtu anavuta gunia, ni betri dhaifu ama oili nzito ama vyote viwili. Ukisikia "tak" moja nzito halafu kimya, na taa zimebaki zinang'aa, shuku stata yenyewe ama waya wake mkubwa. Kimya kabisa na taa hakuna, angalia terminali kwanza imeshika, halafu fiuzi kuu. Kimya lakini taa zote ziko sawa, hakikisha gia iko P ama N kama ni ya otomatiki, kama ni ya manyuali hakikisha umekanyaga klachi mpaka chini. Usicheke, nimeshalipwa pesa za kwenda mpaka Mtwapa kusogeza gia tu.

Na ikizunguka kwa nguvu kabisa kama kawaida lakini haishiki, wachana na betri. Hapo shida ni mafuta ama moto wa plagi, ruka mpaka sehemu ya "Inazunguka lakini haishiki".

Kama bado una wasiwasi washa taa kubwa, mtu asimame mbele aziangalie huku wewe unazungusha ufunguo. Zikififia mpaka karibu kuzima, betri haina nguvu ama terminali ni chafu. Mama mmoja nilimfanyisha hivyo kwa simu akiwa Nyahururu, kijana wake alikuwa amesimama mbele ya Noah kwenye ukungu anapiga kelele "zimezima! sasa zimewaka! zimezima!" na hapo hata sikuuliza zaidi, nikamwambia tafuta jirani mwenye gari na kebo.

## Betri

Betri yangu ina miaka miwili tu, inaweza kuwa imekufa?

Ndio. Betri ambayo nchi za baridi itakaa miaka mitano ama sita, hapa Mombasa mimi ikivuka miaka mitatu naiheshimu sana, na mwaka wa pili ndio naanza kuipima. Ikiwa gari ni ya safari fupi fupi, Nyali mpaka mjini na kurudi, AC juu, taa, redio, foleni, basi betri haipati nafasi ya kujaa kwa sababu alteneta, ile inayochaji betri gari ikiwaka, haichaji sana injini ikiwa inanguruma tu pale pale. Betri inayokaa nusu tupu siku zote inaota chumvi ngumu kwenye vyuma vya ndani na hiyo haitoki.

Nipime vipi kabla ya safari?

Nunua multimita, kile kipimo cha umeme, hata ile ya bei ndogo. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari iwe imelala usiku mzima, usipime ukitoka tu kuendesha manake utaona namba nzuri ya uongo.

Volti 12.6 kwenda juu imejaa. 12.4 iko kama robo tatu. 12.2 ni nusu, na 12.0 hiyo karibu haina kitu. Halafu mwambie mtu awashe huku unaangalia: wakati stata inazunguka namba isishuke chini ya 9.6. Ikishuka mpaka 8 na hapa ni Mombasa kwenye nyuzi 25, ndugu yangu usipande nayo bara. Ikishawaka pima tena, iwe kati ya 13.8 na 14.7, chini ya hapo alteneta haichaji vizuri na utabadilisha betri bure.

Kipimo cha pili, cha wakati wa kuwasha, ndicho kinachosema ukweli. Nimeona betri nyingi zinaonyesha 12.6 safi zikiwa zimelala, ukizungusha tu zinaanguka.

Kama betri yako ni ya vifuniko vya kufungua, angalia maji pia. Yakiwa chini ongeza maji ya betri yale ya kununua kituo cha mafuta, sio ya mfereji na maji ya kisima cha hapa kwetu ndio kabisa usithubutu, chumvi tupu. Funika vyuma tu, usijaze mpaka juu.

Kuna unga mweupe na kijani kwenye terminali, una neno?

Una neno kubwa sana, na sisi watu wa pwani ndio unatusumbua zaidi kwa sababu ya hewa ya bahari. Unga huo ni kutu, na umeme mkubwa wa stata haupiti vizuri kwenye kutu.

Kuna Probox ililetwa kwangu, mwenyewe alikuwa ameshanunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja na anataka ya tatu. Nikafungua terminali hasi kwanza kwa spana namba kumi, halafu chanya. Kwa nje ilikuwa imepanguswa safi kabisa, lakini ndani ya ile pete inayokaba nguzo ya betri palikuwa peusi kama sufuria ya kuni. Nikachanganya magadi na maji ya moto ya chupa ya chai nikamwagia, yakachemka povu chwaaa, nikasugua kwa brashi ya mswaki mzee, nikakausha, halafu msasa mpaka risasi ikang'aa kama fedha mpya. Nikageukia waya wa athi, ule unaotoka kwenye hasi kwenda kwenye bodi na injini, watu wengi hawaujui, boliti yake ilikuwa imeota kutu mpaka inavunjika vipande. Nikasafisha hiyo pia. Gari ikawaka kwa mguso mmoja, na betri ni ile ile.

Ukimaliza rudisha chanya kwanza hasi mwisho, kaza isichezeke kwa mkono, paka grisi kidogo juu ili chumvi isirudi haraka. Na usiruhusu maji ya magadi yaingie ndani ya betri kupitia vifuniko.

Gari nikiiwacha wiki mbili tatu betri inaisha, kwa nini?

Kuna kitu kinakula umeme gari ikiwa imezimwa. Kidogo ni kawaida, saa, kompyuta, alamu, lakini kisizidi kama miliampia 50. Piga hesabu, miliampia 50 ni ampia-saa 1.2 kwa siku, kwa siku 20 ni 24, na betri nyingi za gari ndogo ni kama 45. Kwa hiyo hata gari isiyo na shida ikilala wiki tatu imebaki na chini ya nusu.

Wezi wakubwa ninaowakuta ni traka, alamu za kuongeza, na redio kubwa za Android zilizofungwa waya wake moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi. Taa ya buti inayobaki inawaka pia. Kuikamata unatoa terminali hasi unaweka multimita katikati upande wa ampia, funga milango yote, subiri kama nusu saa kompyuta zilale, halafu toa fiuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usiwashe gari multimita ikiwa hapo, utaichoma.

Ukienda bara ukae wiki mbili kijijini bila kuendesha, fungua tu terminali hasi. Ni dakika mbili.

Nikinunua nyengine nichague gani?

Angalia tarehe ya kutengenezwa, betri iliyokaa dukani mwaka mzima kwenye joto hili sio mpya. Halafu soma ile namba ya kijapani, mfano 46B24L: ya mbele ni nguvu, ikiwa kubwa zaidi ni bora, 24 ni urefu kwa sentimita, na L ama R ni upande wa terminali, ukikosea hapo kebo hazifiki. Kama kwenye sahani ya betri kunaingia yenye namba kubwa ya mbele na ukubwa ule ule, chukua hiyo. Na mwambie muuzaji aipime mbele yako.

## Umeshakwama

Nijampu vipi, yaani niwashe kwa umeme wa betri ya gari nyengine, bila kuharibu kitu?

Gari zote mbili ziwe za volti 12 na zisigusane. Zima kila kitu. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, upande wa pili nyekundu kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ile ncha ya mwisho nyeusi usiiweke kwenye betri iliyokufa, iweke kwenye chuma kitupu cha injini mbali na betri. Sababu ni kwamba betri hutoa hewa inayoshika moto na ile ncha ya mwisho ndiyo inayopiga cheche. Kwa ajili hiyo hiyo usiiname na sigara juu ya betri.

Washa gari nzima, iwache ingurume dakika tano mpaka kumi, hii ndiyo hatua watu wanairuka halafu wanasema jampu imekataa. Baridi ikiwa kali betri iliyokufa inahitaji kushiba kidogo kwanza. Halafu jaribu. Ikiwaka toa kebo kwa kurudi nyuma ulivyoziweka.

Kebo nyembamba za bei rahisi hazifai, zinapata moto na umeme haufiki. Na ukishawaka usizime kwenda kunywa chai, endesha. Lakini jua kuzunguka nusu saa hakujazi betri iliyoisha, kunakupeleka tu mpaka kwa fundi ama kwenye chaja.

Dereva wa lori amejitolea kunijampu, nikubali?

Mshukuru na ukatae. Malori makubwa mengi ni volti 24, yaani betri mbili za 12 zimeunganishwa mfululizo, na ukizipeleka 24 kwenye gari ndogo unaweza kuchoma kompyuta, alteneta, taa, kila kitu kwa sekunde moja. Kuna madereva watakwambia wanachukua kutoka betri moja tu kati ya zile mbili, na inawezekana kweli, lakini ukikosea nguzo moja tu gizani pale Mariakani ama Mtito Andei gharama yake ni kubwa kuliko kulala hapo. Subiri gari ndogo ama pikapu.

Naweza kuisukuma?

Kama ni manyuali ndio. Swichi iwe imewashwa, gia ya pili, kanyaga klachi, wakusukume mpaka ishike kasi ya mtu anayekimbia, achia klachi kwa ghafla, ikishika kanyaga tena. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, msichoshe vijana wa watu. Na betri ikiwa imekufa kabisa hata taa hakuna basi hata manyuali ya injekta inaweza kukataa kwa sababu pampu na kompyuta nazo zinataka umeme.

Nizungushe stata muda gani?

Sekunde kumi mwisho. Pumzisha dakika moja. Rudia mara tatu nne, ikikataa simama ufikirie. Stata ni mota inayokula umeme mkubwa sana, ukiibana nusu dakika unaiunguza na unamaliza kile kidogo kilichobaki kwenye betri. Kabla hujazungusha zima AC, feni, redio, taa, na chomoa chaja ya simu.

Ukisikia harufu kali ya petroli plagi zimelowa. Kwenye gari nyingi za injekta ukikanyaga ekseleta mpaka chini kabisa huku unazungusha, kompyuta inakata mafuta na silinda zinakauka. Jaribu hivyo mara moja mbili halafu achia mguu.

Wenyeji wananiambia niweke jiko la makaa chini ya injini, ama nimwage maji ya moto juu ya betri.

Jiko hapana. Chini ya injini kuna oili, kuna waya, kuna bomba za mafuta, na wewe umelala pembeni ya nyumba ya watu. Maji ya moto kwenye terminali kuosha kutu sawa, lakini kuimwagia betri nzima yanayochemka unaweza kuipasua. Ukitaka kuipasha moto ifungue usiku uilaze ndani ya nyumba mahali penye hewa, wima, mbali na watoto na mbali na moto, asubuhi uirudishe. Ni kazi lakini inasaidia kweli kama betri iko ukingoni.

## Inazunguka lakini haishiki

Ya petroli, nianzie wapi?

Weka ufunguo kwenye "on" bila kuwasha, tegesha sikio nyuma, utasikia pampu ya mafuta ikilia ziii kama sekunde mbili. Zima, rudia mara tatu, halafu ndio uwashe. Kama imewaka baada ya hapo pampu yako inaachia presha usiku, utaendelea na safari lakini iangaliwe. Kama hakuna sauti kabisa angalia fiuzi na relei ya pampu.

Pampu ikiwa sawa, angalia plagi. Plagi zilizokula, pengo limekuwa kubwa, kwenye joto zinawasha na kwenye baridi zinakataa. Halafu kuna sensa ya joto la maji, kitu kidogo kama kidole gumba, ikiharibika inaiambia kompyuta injini ni ya moto wakati ni baridi, kompyuta inatoa mafuta kidogo na gari haishiki. Mombasa huwezi kuijua kwa urahisi kwa sababu tofauti ni ndogo.

Taa ya ufunguo ikiwa inapepesa kwenye dashibodi, gari haijautambua ufunguo. Jaribu wa akiba.

Fundi alitoa thamostati ili gari isichemke, inahusiana?

Sana, na hili jambo linaniuma kwa sababu ni sisi mafundi wa hapa tumelifanya kuwa kawaida. Thamostati inakaa imefunga mpaka maji yafike kama nyuzi 82 ama 88, ndio inafungua. Ukiitoa maji yanazunguka rejeta tangu mwanzo na injini haifiki joto lake. Mombasa utaona tu mafuta yanaenda, lakini Limuru ama Timboroa injini inaendeshwa baridi saa nzima, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi ikidhani ndio kwanza umewasha, plagi zinashika masizi meusi, na kesho yake asubuhi hazitoi moto.

Gari kuchemka kuna sababu yake, rejeta imeziba, feni haizunguki, kifuniko kimechoka. Itafutwe hiyo, thamostati irudi. Na maji ya mfereji yatolewe kuwekwe kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, sio kwa sababu ya barafu, ni kwa sababu maji matupu yanakula chuma ndani.

Nimewekewa oili ya 20W-50, ina shida gani?

Namba ya kabla ya W ni jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ndogo ndiyo nyepesi. Gari nyingi za kijapani tulizonazo zimeundwa kwa 5W-30 ama hata 0W-20. Fundi anaweka 20W-50 kwa sababu injini ni nzee na inakula oili, na huku chini haisumbui sana, lakini kwenye nyuzi 8 alfajiri oili hiyo inaenda kama asali na stata inazunguka kama niliyoieleza juu, ile ya gunia. Fungua kitabu cha gari ama angalia kifuniko cha oili, mara nyingi imeandikwa pale pale. Kama unapanda bara mara kwa mara fuata kilichoandikwa.

Ya dizeli je?

Dizeli haina plagi za moto, inawaka kwa hewa kubanwa mpaka ipate joto, na injini ikiwa baridi hita plagi ndizo zinasaidia. Mombasa Hiace inaweza kuwa na hita plagi tatu zimekufa kati ya nne na ikawaka tu, ukifika Molo inatoa moshi mweupe na haishiki. Weka swichi, subiri taa ya koili izime kwenye dashibodi, ndio uwashe. Rudia hivyo mara mbili tatu ikiwa imekataa.

Kuzipima ni rahisi, multimita upande wa omu, nzima inasoma chini kabisa, omu moja hivi ama mbili, iliyokatika haisomi kitu. Nakusihi usipulizie dawa ya kuwashia kwenye dizeli yenye hita plagi. Ile dawa inalipuka ikigusa hita iliyowaka, na mimi nimeona manifoldi imepasuka.

Kama hita ziko sawa shuku hewa kwenye bomba ama maji kwenye filta. Pampu ya mkono juu ya filta ipige mpaka iwe ngumu.

Niliosha injini jana, leo haiwaki.

Maji yamekaa kwenye koili ama waya za plagi. Mashine ya presha hairuhusiwi kugusa hapo. Kausha kwa kitambaa, fungua boneti jua lipige. Hata bila kuosha, gari nzee zenye waya za plagi zilizopasuka hugoma asubuhi za mvua ya masika hapa hapa Mombasa kwa ajili ya unyevu tu. Usiku ukifungua boneti injini ikinguruma unaona vicheche vya buluu vinaruka kwenye waya, badilisha seti nzima.

## Maswali ya pembeni

Gari yangu ni haibridi, inahusika?

Inahusika. Watu wanadhani betri kubwa ndiyo inawasha kila kitu, lakini kompyuta zinaamshwa na betri ndogo ya volti 12, kwenye Aqua na Prius nyingi iko nyuma, chini ya kiti ama kwenye buti. Ikiisha hutapata neno READY kwenye dashibodi. Unaweza kujampiwa, Prius nyingi zina sehemu ya chanya ndani ya boksi la fiuzi mbele, lakini usiitumie haibridi yako kujampu gari nyengine, na waya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa kabisa.

Ya kubonyeza batani, inasema haioni ufunguo.

Betri ya ufunguo imechoka. Gusisha ufunguo wenyewe kwenye ile batani, kanyaga breki, bonyeza.

Na bodaboda ama gari nzee ya kabureta?

Vuta choki, usipige ekseleta sana. Kule juu hewa imepungua kama robo ukilinganisha na huku baharini, gari ya injekta inajirekebisha yenyewe, kabureta iliyosetiwa Mombasa itabaki inamwaga petroli nyingi kuliko hewa. Ikishika joto rudisha choki haraka.

Gari yangu inagoma ikiwa moto, ikipoa inawaka. Ni hii hii?

Hapana, hiyo ni kinyume. Hapo nitaangalia sensa ya kranki na stata iliyochoka. Kawaida inakukuta kwenye foleni ya feri pale Likoni, umezima na kuwasha mara kumi kwenye jua. Usiichanganye na haya ya juu.

Ndugu yangu yuko Kanada anasema gari analichomeka kwenye umeme usiku, ni kweli?

Ni kweli. Kule joto linashuka mpaka chini ya sifuri kwa nyuzi 20, 30, na betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki na kama nusu ya nguvu zake. Kuna hita inafungwa kwenye injini, inachomekwa ukutani usiku kucha ili oili na maji yasigande. Dizeli nayo ina nta ndani yake, baridi ikizidi nta inaganda na kuziba filta, ndio sababu wanauza dizeli maalumu ya majira ya baridi. Na mtu akiweka maji matupu kwenye rejeta kule, yanaganda, yanatanuka na kupasua injini. Kama ndugu yako ndio kwanza amefika na amenunua gari ya mkononi, mwambie akague kulanti leo, asingoje wikendi.